Imechacha au imeharibika? Kutafuta kosa kwenye bia chachu ya matunda

Kiswahili kinatuponza sisi tunaopika bia hizi. Maharage yakilala nje ya friji hadi yakatoa povu, tunasema yamechacha, na wanaoyala ni kuku. Uji wa ulezi ukikaa siku mbili ukapata ule ukali wa kuamsha mate, nao tunasema umechacha, na watu wanaugombania. Neno ni hilo hilo, kwa kilichooza na kwa kilichoiva. Ndiyo maana mteja akirudisha glasi kaunta na kusema "hii imechacha," mhudumu hana la kujibu zaidi ya "ndivyo ilivyo, dada, hii ni bia chachu."

Jibu hilo nimelitoa mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mara nyingine lilikuwa kweli. Mara nyingine bia ilikuwa na kosa, na tunda nilikuwa nimelipaka juu yake kama marashi juu ya shati lisilofuliwa. Haya ninayaandika kwa wenzangu wenye viwanda vidogo hapa Uganda, wenye matangi ya lita mia mbili, mia tano, elfu moja, ambao hawana maabara wala mtu wa kumpigia simu saa nane usiku. Kwa kila dalili nitasema chanzo, kisha dawa kama ipo. Kuna mahali dawa pekee ni kumwaga mtaroni, na sitaficha.

Njia ninayoizungumzia ni ya kuchachusha ndani ya sufuria. Maji matamu ya kimea yanachemshwa dakika chache bila hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), yanapoozwa hadi nyuzi 35 au 40, yanatiwa laktobasili, yaani bakteria wa jamii ile ile inayochachusha mtindi na obushera, uji wetu mchachu wa nafaka, kisha yanafunikwa siku moja au mbili hadi pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyopanda, ifike 3.3 hivi. Hapo yanachemshwa tena na bakteria wanakufa. Hopsi kidogo inaingia, yanapoozwa, hamira inatiwa, na tunda linakuja mwishoni. Mpangilio huo uwe kichwani muda wote, kwa sababu swali la kwanza kwa kila tatizo ni hili: lilianza kabla ya mchemsho wa pili au baada yake? Ukilijibu hilo, nusu ya watuhumiwa umeshawaachia huru.

Siku mbili zimepita, pH bado 4.2

Anza kumshuku kipimaji kabla ya bakteria. Kipima pH kilichokaa kabatini mwezi mzima kikiwa kikavu hudanganya bila haya. Kirekebishe kwa maji yake maalumu ya pH 4 na pH 7 asubuhi ya siku hiyo hiyo, na sampuli uipooze hadi joto la kawaida kwanza. Ncha yake ihifadhiwe kwenye maji yake ya chumvi. Maji safi ya kunywa huiua polepole.

Kipima kikiwa sawa, uliza kuhusu hopsi. Laktobasili wengi hawaivumilii hata ikiwa kidogo.  Baada ya hopsi, uliza kama uliwamwaga kwenye maji ya moto mno. Nyuzi 37 ukizipima juu ya tangi si nyuzi 37 pale chini karibu na chanzo cha moto. Koroga, subiri, pima tena.

Lakini kwa hapa kwetu mshukiwa ninayemkamata mara nyingi ni umeme. Nilikuwa na tangi la lita 300 lisilo na koti, limetulia kwenye 37 saa mbili usiku. Umeme ukakatika kama saa nne, ukarudi alfajiri, lakini kidhibiti joto hakikuwaka chenyewe mpaka mtu akibonyeze. Asubuhi tangi lilikuwa 28. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na chuma tupu hakina huruma. Bakteria hawakufa, walisinzia tu. Na maji matamu yenye uvuguvugu, ambayo hayajawa na asidi ya kutosha, ni karamu kwa vijidudu usivyowaalika. Siku hizi tangi langu linavaa blanketi mbili na turubai juu, kama mgonjwa wa malaria, na kidhibiti nimebadilisha nikachukua kinachokumbuka kazi yake umeme ukirudi.

Dawa: pandisha joto hadi 37, ongeza bakteria wapya, funika, pima kila baada ya saa sita. Ikifika siku ya tatu na bado iko juu ya 4, mimi huacha. Nachemsha, natia hopsi ya kawaida, naiuza kama bia nyepesi isiyo chachu. Pua ikiwa imekubali, hakuna hasara.

Na kama bakteria ulionunua ni wa pakiti iliyosafiri wiki mbili kwenye joto, jaribu wa nyumbani. Konzi ya kimea kisichosagwa imejaa laktobasili kwenye maganda yake. Itie kwenye chupa safi yenye maji ya kimea yaliyopoa hadi 42 hivi, jaza hadi shingoni ili hewa isibaki, iweke pahali pa joto siku mbili. Ikinuka limau na mtindi, unayo mbegu. Ikinuka kitu kingine chochote, mwaga uanze upya, umepoteza nusu lita tu. Bibi yangu kule Arua alipika kwete, pombe ya kienyeji ya nafaka, miaka yote bila kusikia neno bakteria, lakini kila mara alianza na kibuyu kidogo pembeni, na alikinusa kabla ya kugusa chungu kikubwa.

Inanuka matapishi ya mtoto

Hii hutokea kabla ya mchemsho wa pili. Harufu ni ya maziwa aliyocheua mtoto, au siagi iliyooza; kitaalamu ni asidi ya butiriki. Wanaoileta ni bakteria wa jamii ya klostridia, ambao huingia na vumbi la nafaka na hupenda mahali pasipo na hewa, penye joto, ambapo pH iko juu ya 4.5. Soma mstari huo tena: ndiyo hali ya tangi lako katika saa kumi za kwanza, kabla laktobasili hawajashika hatamu.

Kwa hiyo usiwape hizo saa kumi. Kabla ya kutia bakteria, teremsha pH mwenyewe hadi 4.4 au 4.5 kwa asidi ya laktiki ya chakula, kidogo kidogo huku ukipima. Klostridia wanafungiwa mlango tangu mwanzo, na, kama tutakavyoona kwenye povu, unapata faida ya pili bure. Usisage nafaka kwenye chumba kimoja na tangi la kuchachushia. Usiruke ule mchemsho wa kwanza kwa kubana gesi.

Ikishanuka, hakuna tunda litakaloifunika. Nimejaribu kwa maembe. Nilipata maembe yaliyotapikwa.

Harufu ya kabichi au mahindi yaliyochemshwa ni jambo dogo zaidi: uliufanya mchemsho wa pili kwa muda mfupi, au ukafunika sufuria. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kwa wenzetu wa Kabale, walio juu zaidi, yanachemka chini ya hapo. Ongeza dakika, ondoa kifuniko, acha mvuke uende nayo.

Hamira imelala

Umetia hamira, saa 48 zimepita, kimya. Hamira nyingi za bia hupata tabu pH ikiwa chini ya 3.2, na kuzimwaga zikiwa kavu ndani ya maji makali namna hiyo ni kama kumtupa mtu usingizini mtoni. Ziamshe kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 hivi, robo saa. Ongeza kiasi: pale unapotumia nusu gramu kwa lita kwenye bia ya kawaida, nenda hadi gramu moja. Na zipe chakula, kwa sababu laktobasili wamepita kabla yao wakala walichotaka. Huna virutubisho vya dukani? Chota hamira ya mandazi, kijiko kimoja kikubwa kwa lita hamsini, uitupe kwenye mchemsho wa pili dakika kumi za mwisho. Itakufa, na walio hai watakula waliokufa. Si hadithi nzuri, lakini inafanya kazi.

Wasio na mashine ya kupooza wanapenda hamira za kveik kutoka Norway, zinazofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Nami nazipenda. Ila zina pupa ya virutubisho kuliko nyingine, kwa hiyo kijiko kile kiwe viwili.

Chupa zinapasuka

Hapa nitakaa, kwa sababu makosa mengine yote yanaharibu bia, na hili linaweza kumtoa mtu jicho.

Simu niliyopigiwa ilitoka kwenye kafunda moja, baa ndogo ya mtaani, upande wa Kabalagala. Mama mwenye duka hakunisalimia. "Bosi, njoo uchukue mabomu yako." Chupa tatu zilikuwa zimepasuka ndani ya friji usiku, moja imepasukia kwenye kreti juu ya kaunta mchana, na kioo kimeruka hadi kwenye sinia la kuku. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa bia ya maembe, siku kumi na mbili tangu kufungwa.

Hesabu yake ni rahisi na nilikuwa sijaifanya. Embe bivu lina sukari karibu gramu 14 katika kila gramu 100. Niliweka gramu 200 za rojo kwa kila lita ya bia: gramu 28 za sukari. Kwa kuwa rojo lenyewe limeongeza wingi wa bia, gawanya upya, unabaki na gramu 23 hivi kwa lita. Sasa, kila gramu 4 za sukari zikiliwa na hamira ndani ya lita moja ya bia hutoa kipimo kimoja cha gesi, yaani lita moja ya gesi iliyoyeyuka ndani ya lita moja ya bia. Bia ya kawaida hubeba vipimo 2 na nusu. Yangu ilikuwa na hivyo tayari, na kulikuwa na sukari ya kuongeza vingine karibu 6. Chupa za bia tunazookota, kusafisha na kujaza upya, zenye mikwaruzo ya safari nyingi, hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Nilifunga mapema kwa sababu nilitaka ladha ya tunda ibaki tamu. Nikategemea baridi kuilaza hamira. Baridi ilikuwepo kwangu. Kafunda ile inazima friji usiku ili kubana umeme, na bodaboda aliyepeleka kreti alipitia kwingine kwanza, jua la saa saba likiwa kichwani. Baridi si kufuli. Ni ombi tu.

Chanzo kikiwa sukari, njia za kweli ni chache. Ya kwanza, acha tunda lichachuke lote ndani ya tangi, hadi haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile siku tatu mfululizo, ndipo ufunge. Utamu utaondoka, tunda litabaki harufu na ukali. Mtu anayetaka juisi anunue juisi. Ya pili, kegi za chuma, zinazobeba shinikizo kubwa kuliko kioo, ziwe zako na zibaki baridi. Ya tatu, kupasha chupa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika kama ishirini baada ya katikati ya chupa yenyewe kufika joto hilo, ukiwa umefunga bia isiyo na gesi nyingi. Narudia: isiyo na gesi nyingi. Usiipashe moto kamwe chupa unayoshuku imeshajaa.

Kuna wanaotumia dawa ya sorbeti kuzuia hamira. Ina mambo mawili. Haizimi hamira iliyokwisha kuanza kazi, inazuia kuzaana tu. Na kama tunda bichi limeleta laktobasili hai, wanaweza kuila sorbeti na kutoa harufu ya majani ya ua la jereniamu yaliyofikichwa, isiyotoka tena. Kwenye bia chachu ya matunda mabichi mimi siigusi.

Kabla ya kufunga kitu chochote, fanya jaribio la joto. Chota nusu lita ya bia iliyokwisha kutiwa tunda, pima kwa haidromita, iweke juu ya friji au popote penye nyuzi 30 kwa siku nne, pima tena. Pointi mbili zilizoshuka (pointi moja ni 0.001) ni kipimo kimoja cha gesi kilichokuwa njiani. Ikitoka 1.012 ikafika 1.008, ulikuwa ukingoni mwa kuongeza vipimo viwili kwenye chupa. Jaribio hili halina gharama. Nililijua wakati ule, sikulifanya, nilikuwa na haraka ya kufikisha mzigo kabla ya wikendi.

Na kama chupa tayari ziko nje? Piga simu zote leo, si kesho. Mwambie mwenye baa afunike kreti kwa blanketi nzito, asizisogeze, asimruhusu mtoto karibu. Nenda na miwani ya fundi wa kuchomelea, glavu nene na barafu. Zipooze humo humo zilipo, saa nyingi, ndipo uzibandue vizibo moja moja ukiwa umezifunika kitambaa. Kopo likivimba kichwa, hukumu ni ile ile.

Kuna hasara nyingine isiyo na kelele: sukari hiyo ikichacha, kilevi nacho kinapanda. Namba uliyoandika kwenye lebo haikuwa hesabu ya bia anayokunywa mtu, na hilo si jambo la kumweleza mkaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, ukitabasamu.

Povu linakufa kabla glasi haijafika mezani

Bia chachu haina povu kubwa kwa asili; asidi hulidhoofisha, na baadhi ya laktobasili huzila zile protini zinazolishikilia. Ndiyo faida ya pili niliyoiahidi: ukiteremsha pH hadi 4.5 kabla ya kuwatia, uharibifu huo unapungua. Ongeza pia ngano au shayiri isiyo kimea, asilimia ishirini au thelathini ya nafaka.

Ukifanya hayo yote na bado bia inasimama kama chai, uliza tunda ni lipi. Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokata protini, kile kile kinacholainisha nyama ukiilaza kwenye maji ya nanasi. Papai lina ndugu yake, papaini, mgumu zaidi kwa moto. Nanasi la Kayunga au Luweero ni tamu hadi unasahau kwamba ndani yake kuna mkasi. Jijaribie: chukua glasi mbili za bia yako yenye povu, moja utie kijiko cha maji ya nanasi bichi, nyingine maji ya nanasi lililopashwa hadi nyuzi 80 kwa dakika kumi. Zifunike, zipe saa chache, kisha zimimine upya kutoka juu. Hutahitaji maelezo yangu.

Kwa hiyo nanasi lipikwe. Ndiyo, linapoteza kidogo ile harufu ya kukatwa sasa hivi. Linapata harufu ya nanasi la kuokwa, ambayo kwenye bia, kwa ulimi wangu, ni nzuri zaidi. Maembe nayo yapashe, lakini usivuke 80 sana: pektini itatoka na utakuwa na jemu ndani ya tangi, bia yenye ukungu usiotulia. Kimeng'enya cha kuvunja pektini, kikitiwa rojo likiwa limepoa, husaidia.

Na kabla hujalaumu chochote, nusa glasi ya baa. Sabuni ya vyombo isiyosuuzwa na mafuta ya nyama choma kwenye midomo vimeua povu nyingi zisizo na hatia.

Tunda halisikiki, au linasikika vibaya

Ukitia tunda wakati hamira ziko kwenye kilele cha kazi, gesi inayotoka inabeba harufu yote na kuipeleka darini. Subiri mchachuko mkubwa uishe. Hilo ndilo kosa la wengi, halihitaji aya ndefu.

Pasheni lina kesi yake. Lina asidi nyingi, pH ya maji yake iko karibu na 3, na harufu yake ni ya kelele. Gramu 60 hadi 100 kwa lita zinatosha. Ukiichachusha bia hadi 3.2 kisha ukaongeza pasheni, mnywaji atakunja uso kama aliyelamba betri. Kwa pasheni mimi nasimamisha bakteria kwenye 3.5 au 3.6 na kuliachia tunda limalize kazi. Kwa embe, lisilo na ukali mwingi, naenda hadi 3.2. Kosa jingine la pasheni ni blenda: ukizisaga mbegu, unapata uchungu na ukakasi unaokaa nyuma ya ulimi. Tumia chujio na mgongo wa kijiko, hata kama mkono utachoka.

Ukwaju wa kaskazini una asidi ya tartariki, ukali wa aina nyingine, mkavu zaidi. Loweka, kamua, chuja, na uanze na nusu ya unachodhani. Bia ikishakuwa kali mno usikimbilie magadi. Itapata ladha ya sabuni na chumvi. Changanya na bia nyepesi isiyochachushwa. Ndiyo sababu sehemu ya kila pishi mimi huitenga kabla ya kutia laktobasili, hata kama ni lita ishirini.

Fenesi? Nimelijaribu mara mbili. Harufu yake ikikutana na ya hamira, chumba kizima kinanuka gundi ya viatu na ndizi. Wapo wanaolipenda. Sijawahi kunywa glasi nao.

Ladha ya plasta

Kama bia inakukumbusha plasta ya kidonda au chumba cha sindano, mshukiwa wa kwanza ni klorini. Imeingia na maji ya bomba, au, mara nyingi zaidi kwenye bia za matunda, imeingia kwa mtu mwenye bidii aliyeosha matunda au ndoo kwa dawa ya kung'arisha nguo. Klorini hukutana na kemikali za kimea na hamira na kuzaa ladha inayosikika hata ikiwa chembe. Haitoki. Safari ijayo pitisha maji kwenye chujio la mkaa, au weka kidonge kimoja cha kampdeni kwa lita 75. Matunda osha kwa maji safi, kisha yapashe.

Siki, mlenda, panya

Haya matatu huja baada ya mchemsho wa pili, na mara nyingi huingia na tunda bichi. Kugandisha tunda hakusaidii: barafu inapasua nyama yake na kutoa maji vizuri, lakini hamira na bakteria wengi wa ganda wanaamka wazima. Nyuzi 75 kwa robo saa ndizo zinazofanya kazi.

Siki inataka hewa. Ukisikia ukali unaochoma puani badala ya kukaza mashavu, bakteria wa siki wamepata kilevi na oksijeni kwa pamoja. Angalia tunda lililoelea juu likakauka kama ukoko, kifuniko kisichobana, na wale inzi wadogo wa matunda ambao miguu yao ni teksi ya vijidudu hivi. Angalia pia mkono wako mwenyewe: anayefungua tangi kila siku kuchungulia ndiye anayewalisha. Ikianza kidogo, jaza tangi hadi juu, fukuza hewa kwa gesi, uza haraka. Ikikolea, una siki ya maembe, na kwenye kachumbari si mbaya.

Bia inayovutika kama mlenda ikimiminwa, ikiwa na kaharufu ka samli, ni pediokokasi. Kuikoroga kunavunja nyuzi, hakuondoi chanzo. Wenye mapipa ya mbao Ubelgiji huiacha miezi, hamira za mwituni zikaila. Mwenye matangi manne hana miezi hiyo.

Panya ndiye mjanja. Unanusa glasi, safi. Unakunywa, safi. Sekunde tano baada ya kumeza, nyuma ya ulimi kunapanda ladha ya kizimba cha panya, au bisi zilizolala. Asidi ya bia huificha, mate yakiizimua inajitokeza, na kuna watu hawaisikii kabisa, kwa hiyo usionje peke yako. Tia kijipunje cha magadi kwenye glasi ya kuonjea, koroga, nusa: kama yupo atajitokeza. Dawa yake ni subira, hamira hai na kutoruhusu hewa. Mara nyingi huisha kwa wiki kadhaa. Kuifunga kwenye chupa kabla haijaisha ni kumuuzia mteja panya.

Bia yako ya kawaida imeanza kuchacha

Hii si dalili ya bia ya matunda, ila inatoka hapo. Laga yako, au ile ya mtama, imepata ukali mdogo, na safari hii "ndivyo ilivyo" haipo tena mdomoni. Mchemsho wa pili uliwaua laktobasili wa sufuria, lakini tunda bichi lililetwa baada yake, na limepita kwenye mipira, pampu, mabomba ya kaunta na vile vipete vya raba visivyoonekana. Raba ina nyufa ambazo brashi haifiki. Chuma unaweza kukichemsha, raba nunua mpya. Mipira ya bia chachu kwangu ina utepe mwekundu, pampu yake ni ile kuukuu, na havivuki mlango wa chumba cha laga hata siku ambayo mpira wa upande ule umepasuka na wateja wanasubiri.